Hodi ya Bi Mize

Kiponda, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zakia,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, wakati unafunga kamba ya godoro lako, kwa hiyo hapa sizipotezei wino. Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na najua hutorudi mpaka wakulishe nyumba baada ya nyumba. Mimi nimekaa ushorobani na daftari lako la zamani la hesabu, lile lililobaki kurasa nyeupe nyuma. Mwandiko ni ule ule wa darasa la nne, utanisamehe. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, juu ya boksi la chaki. Isome ukiwa garini, kabla hujafika Makunduchi. Ukiisoma baada ya kufika itakuwa haina faida tena.

Habari za chandarua, mafuta ya taa na maji ya kuchemsha nimekusemesha jikoni wiki nzima, mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hayo yamekwisha. Ninalo jambo moja tu, na ni la aibu yangu.

Juzi ulikuja mbio na barua ya mwalimu mkuu, ukaisoma kwa sauti, kwamba chumba chako kitakuwa katika nyumba ya mjane mmoja karibu na skuli utakayosomesha, Bi Mize binti Haji. Ukaniuliza, "Mama, si yule jirani yetu wa zamani? Yule aliyekuwa akitupa muhogo?" Nikakujibu, "Sijui, majina yanafanana." Kisha nikainamia kofia niliyokuwa naishona, nikajichoma sindano. Nilikudanganya, Zakia. Ni yeye.

Umekulia nyumba hii lakini wewe ushoroba huu umeujua zaidi ukiwa kimya. Mimi nimeujua una watu. Mlango ule mdogo ukutani, ambao siku hizi tunauegemezea mikeka, ndio mlango wa nyumba ya nyuma. Nyumba ile haina kisima, yetu inacho. Tangu zama za bibi yangu iliandikwa hati kwa kadhi, ipo mpaka leo ndani ya kasha langu, kwamba wanawake wa nyumba ile na watoto wao watapita ushorobani kwetu kwenda kisimani bila ya kuzuiliwa. Basi mtu akiamua kuteka maji, hana haja ya buibui wala ya kutoka njiani. Anafungua mlango, anapita, anateka, anarudi.

Jirani wangu wa kwanza alikuwa Bi Zuwena. Wewe unamkumbuka kidogo, kwa zile halua alizokuwa akikutilia mfukoni. Bi Zuwena hakuwa akipiga hodi hata siku moja. Alikuwa akisema tu, "Nnapita, Rukia, jifunike!" na mimi nikiwa nimeshajifunika gubigubi, maana alikuwa akinitania tu. Na hakupita akaenda zake. Alikuwa akifunua vyungu vyangu. Ataonja mchuzi kwa kiganja, atasema, "Huu unataka ndimu," kisha aende kisimani. Alasiri alikuja na mkeka wake, akautandika hapa hapa nilipokaa sasa, akaanika asumini zake kwenye sinia na tukashona kofia mpaka adhana ya magharibi. Ndoo yake ikikaa njiani, mimi nikiiruka. Mara ngapi nilijikwaa kwenye ndoo ile! Nikimtukana, naye akinicheka, na mimi nikicheka. Mpaka leo nikisikia harufu ya asumini hugeuka kutazama mlangoni.

Na mimi nilikuwa nikipita kwake vile vile. Nikitaka pilipili nafungua mlango, naingia, nachukua. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia.

Kisha yakaja Mapinduzi. Bi Zuwena na watu wake walisafiri. Asubuhi moja alifungua mlango mdogo, amevaa buibui, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akipita humu, na hakusema kuwa anapita. Alinishika mikono tu. Hakufunua chungu. Baada ya hapo nyumba ilikaa imefungwa, halafu serikali ikagawa vyumba vyake kwa watu waliotoka shamba. Chini, upande wa mlango wetu, akapewa Bi Mize, na mumewe aliyekuwa fundi wa ujenzi, na mama yake mzee.

Siku ya kwanza nilimsikia mlangoni: "Hodi!" Nikadhani ni mtu amepotea. Nikasema karibu, akaingia mwanamke mwembamba, kijana kuliko mimi, na ndoo mkononi. Akanamkia kwa kuinama. "Shikamoo. Nimeambiwa huku kuna kisima, nimekuja kuomba njia."

"Marahaba. Njia unayo, pita."

Akapita, akateka, wakati wa kurudi akasema tena, "Nashukuru, nnakwenda." Kesho yake hodi tena, na jioni hodi tena. Mara nne, mara tano kwa siku. Nami kila mara niache sindano niitikie. Nilikuwa nikisema moyoni, mwanamke wa shamba huyu hajui hata kupita nyumba ya jirani. Nilicheka namna anavyosema maneno. Nakwambia haya yote kama yalivyokuwa, sijipambi.

Mama yake alikuwa hawezi kukaa bila kazi. Kwao walikuwa wakisokota kamba za usumba, yale manyuzi ya makumbi ya nazi, na alikuja mjini na mafurushi yake. Wiki ya pili aliona kamba ya ndoo yetu imechakaa, akaisokotea nyingine bila ya kuambiwa. Ndiyo ile ile uliyotekea maji leo asubuhi. Nilimshukuru kwa maneno mawili.

Lakini usumba ule ukaanza kutembea. Kwanza ulianikwa kizingitini. Kisha hatua mbili ndani. Baadaye nikitoka jikoni nakuta ushoroba mzima umetandazwa, kutoka ukutani mpaka karibu na kisima, na bibi yule amekaa katikati, miguu ameinyoosha, anasokota kamba kwenye paja. Harufu ya makumbi yaliyooza matopeni unaijua. Wakaleta na mwanambuzi, akafungwa kwenye nguzo yetu. Na siku moja akapita ndugu yao mwanamume, mtu mzima, na kapu la muhogo begani, mimi nikiwa kichwa wazi naosha mchele. Hati ilisema wanawake na watoto. Hati ilisema kupita. Haikusema kuanika, haikusema kufuga, haikusema wajomba.

Nilikuwa na haki, Zakia. Nataka hilo nalo liandikwe. Wakati mwingine watu wakisimulia makosa yao hujifanya kama hawakuwa na sababu hata chembe. Mimi sababu nilikuwa nayo, na ilikuwa imenijaa mikononi.

Jambo nililotakiwa kulifanya lilikuwa jepesi: ningesimama pale pale nikamwambia, "Bi Mize, usumba huu upelekeni darini, mbuzi mtafutieni pahala pengine, na ndugu yenu apite mlango wa mbele." Basi. Lakini sikumwambia. Nilivaa buibui nikaichukua hati kwenye kasha nikaenda tawini, kwenye ofisi ya chama. Mwenyekiti akaigeuzageuza hati, akaniuliza, "Bi Rukia, umekuja kushitaki kamba?" Watu waliokaa barazani wakacheka. Nikarudi nyumbani nimeungua uso, na kabla sijavua buibui nikasikia, "Hodi!"

Sikuitika.

Sikukusudia. Nilikuwa nimekasirika tu. Akapiga hodi ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu. Kisha nikamsikia anaiokota ndoo yake, na mlango ukarudishwa taratibu. Mtu mwenye adabu akipiga hodi tatu asipoitikiwa huondoka, na Bi Mize alikuwa na adabu kuliko mtaa mzima. Baadaye nikachungulia dirisha la juu nikamwona njiani, amejitanda buibui, ndoo kichwani, anakwenda kupanga foleni bombani pamoja na wachukuzi.

Nikajua nimepata silaha. Kumfungia mlango nisingeweza, hati inakataza. Lakini nani ataniambia nimemzuia? Mimi nimenyamaza tu. Nipo kazini, nasali, sikusikia. Usumba ukaondoka wenyewe, maana mwenye usumba hakuingia tena. Mbuzi akaondoka. Ushoroba ukawa safi. Nikaufagia, nikatandika mkeka wangu, nikakaa peke yangu nikashona.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwapo siku moja hodi zilipopigwa. Akaniangalia. Hodi ya tatu ilipokwisha akasema, "Rukia, mwanamke yule anakuomba kitu ambacho ni chake."

"Mbona Bi Zuwena hakuwa akiniomba?"

"Ndiyo nnayokwambia. Hati haikusema wapige hodi. Yeye anakuongezea heshima, na wewe unamfungia kwa heshima hiyo hiyo."

Nikamwambia mambo ya wanawake hayajui. Akachukua kofia yake akaenda barazani. Asubuhi alipapasa kichwa changu akitoka, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na homa.

Sasa nakuja kwako. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa ukikaa hapa na vitabu vyako, na kila hodi ikipigwa unanitazama. Mara ya kwanza uliniuliza, "Mama, hujasikia?" Nikakwambia, "Soma." Ukazoea. Ukawa hodi ikipigwa unainama zaidi kwenye kitabu, na mimi nikaridhika kuwa mtoto wangu ana akili. Mpaka siku ile nilipokuwa kisimani, hodi ikapigwa, na wewe ukaropoka, "Karibu!" Nilikuja nikakufinya paja, kwa kucha, mpaka ukapiga kelele. Mlango ukafunguka. Bi Mize akasimama na ndoo yake. Akakutazama wewe unalia unashika paja. Akanitazama mimi. Akarudisha mlango, na tangu siku ile hakupiga hodi tena katika mlango ule.

Labda umesahau. Ungekuwa unakumbuka usingenitajia muhogo wake kwa furaha vile. Mimi kila nikikuogesha baada ya siku ile niliiona alama, na ilipofutika nikaendelea kuiona.

Ilipita miezi kama mitatu. Asubuhi moja nikasikia kilio nyuma ya ukuta. Mama yake Bi Mize amefariki. Nilijifunga kanga mbili, nikaenda mlango mdogo kama nilivyokuwa nikienda kwa Bi Zuwena kila msiba, na mkono wangu ulipogusa mlango ukakataa kusukuma. Hapo ndipo nilipoijua hati vizuri. Hati ilikuwa inawapa wao njia ya kuja kwangu. Mimi haikunipa njia ya kwenda kwao, hata hatua moja. Miaka yote ile niliyokuwa nikiingia kwa Bi Zuwena kuchukua pilipili, nilikuwa nikiingia kwa mapenzi matupu.

Nikapiga hodi. Mimi, katika mlango ule, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ndani walikuwa wanasoma, sauti za wanawake wengi. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu. Mpaka leo sijui kama walinisikia au hawakunisikia, na sina wa kumuuliza. Nikarudi, nikavaa buibui, nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka kichochoro chote mpaka msikitini, nikapanda njia ya pili, nikafika nyumba ambayo inagusana na yangu mgongo kwa mgongo. Watu wa mtaa wa tatu walikuwa wameshafika zamani. Viatu vilikuwa vimejaa ukumbini, vyangu nikaviweka mwisho.

Bi Mize alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akajisogeza, akanipa nafasi ubavuni pake, na akasema kwa sauti ndogo, "Umezunguka mbali, Bi Rukia."

Hakuwa ananisuta. Ningependa angenisuta. Alisema kama mtu anayempa pole mgeni wa safari. Nililia siku ile kuliko wenye msiba, na wanawake wakaniona mtu wa huruma.

Siku ya hitima nilimpelekea mkate wa kumimina. Tukawa wawili jikoni, nikaanza, "Bi Mize, ule usumba..." Akanikata. "Ungenambia, Bi Rukia. Ningeuondoa siku ile ile. Kwetu njia ni ya watu wote, tukadhani na huku ni hivyo." Kisha akaningoja. Alinipa nafasi, Zakia. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, nitake radhi, maneno mawili matatu. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mkate umeiva katikati?" Akaukata, akautazama, akasema umeiva.

Arobaini haijatimia wakarudi Makunduchi. Hawakuniaga, na wangeniaga kwa njia gani? Waliokuja baada yao walitiliwa bomba ndani, hawana haja na kisima. Tangu hapo hakuna mtu aliyepita ushoroba huu ila mimi na wewe na, zamani, baba yako. Niliutaka uwe wangu, nimeupata. Alasiri nikikaa hapa nashona nasikia mpaka uzi unavyopita kwenye kitambaa.

Nimefikiri sana kwa nini nilifanya vile, na miaka saba ni mingi ya kufikiria. Haikuwa usumba. Bi Zuwena alijaza njia ile kuliko usumba wowote, kwa ndoo, sinia, mkeka na kicheko chake, na sikuwahi kwenda tawini. Nilikuwa namlilia Bi Zuwena, na kila hodi ya Bi Mize ilikuwa inaniambia kuwa yule asiyepiga hodi haji tena. Nikamwadhibu mtu kwa kuwa si mtu mwingine. Kosa lake lote lilikuwa hilo.

Kwa hiyo kesho unakwenda kulala chini ya dari yake, na mimi ndiye niliyekufundisha kumnyamazia. Huko nako watu watapita uwanjani mbele ya chumba chako, watafunga mbuzi wao, watakuanikia vitu dirishani, na utakasirika, maana una damu yangu. Sema siku ile ile, na umwambie mwenyewe. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha juu ya majirani, kama unavyoona.

Lakini la mlangoni ninalo. Utakapofika usijifanye mgeni asiyejulikana. Namjua Bi Mize, mgeni yeyote atamwitikia, na wewe utaingia, utapewa chai, kisha siku ya tatu utakapotaja Kiponda atakuwa hana tena njia ya kukukataa. Usimfanyie hivyo. Piga hodi, na kabla hajakuitikia sema jina lako na langu: Zakia, mtoto wa Rukia wa Kiponda. Halafu ungoje. Mwache achague akijua anamchagua nani. Kunyamaza ni haki yake kwangu, na mimi ndiye niliyemwonesha namna inavyofanywa.

Akinyamaza, piga ya pili na ya tatu, kwa adabu, kama alivyokuwa akipiga yeye. Kisha uondoke bila ya kinyongo, urudi na gari lile lile. Mwalimu mkuu atatafuta chumba kingine, na mimi nitakupokea hapa na sitauliza kitu.

Ila kabla hujaingia au hujageuka, akiwa amekuitikia au hajakuitikia, sema kwa sauti asikie kupitia ubao wa mlango. Mwambie: Kuna jawabu la hodi zako lililobaki kwa mama yangu, na amenituma nilifikishe. Anasema: Karibu, Bi Mize. Pita.

Mama yako,
Rukia